Vyombo vya Mfalme na Meza ya Bwana

Kila Jumapili baada ya Misa, msakristia hufanya kazi ambayo waamini wengi hatuioni. Anapangusa kalisi, anakunja vitambaa, anahesabu siborio na patena, anafunga kabati na kuweka ufunguo mahali pake. Kikipungua kimoja, siku hiyo hakuna kupumzika. Kazi hiyo ya kuhesabu vyombo ni ya zamani kuliko Kanisa lenyewe, na Biblia Takatifu imeiandika kwa hesabu kamili.

Fungua sura ya kwanza ya Kitabu cha Ezra. Mwaka 539 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliuteka mji wa Babeli. Baadaye akawapa ruhusa Wayahudi waliokuwa uhamishoni warudi Yerusalemu kuijenga upya nyumba ya Mungu. Hakuishia hapo. Aliamuru vitolewe vyombo ambavyo Nebukadneza alivipora hekaluni na kuviweka katika nyumba ya miungu yake. Mithredathi mtunza hazina akavihesabu mbele ya Sheshbaza, mkuu wa Yuda: sahani 30 za dhahabu, sahani 1,000 za fedha, visu 29, mabakuli 30 ya dhahabu, mabakuli 410 ya fedha, na vyombo vingine 1,000. Jumla inatajwa kuwa 5,400. Ukijumlisha mwenyewe vile vilivyotajwa utapata 2,499, kwa hiyo wafafanuzi wengi wanaona kwamba orodha haikutaja kila kitu. Hata hivyo visu 29 havikusahauliwa.

Ndugu msomaji, huenda umewahi kujiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, kwa nini Neno la Mungu lijishughulishe na visu na mabakuli. Watu wamerudi kutoka utumwani, na mwandishi anahesabu sahani! Lakini tukijua vyombo vya fedha vilikuwa na maana gani mbele ya wafalme wa Uajemi, tutaona kwamba orodha ile ni habari nzito, na kwamba inatuhusu hata sisi wa Malampaka.

Bakuli la Artashasta

Katika Makumbusho ya Uingereza, jijini London, lipo bakuli la fedha lenye upana wa karibu sentimita 29, lenye kina kifupi. Tunaposema fedha hapa tunamaanisha madini yenyewe, ingawa lugha yetu imeyapa jina moja na pesa, na si bure. Bakuli hilo lilifuliwa kwa nyundo. Fundi alichukua bamba la fedha, akaligonga, likawa gumu, akalirudisha motoni lilainike, akaligonga tena, mara nyingi, hadi likakubali umbo. Toka katikati yake mapambo yametawanyika kama petali za ua. Ukingoni pamechongwa maandishi ya Kiajemi cha kale, kwa zile herufi zinazofanana na misumari. Yanamtaja Artashasta, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa Ahasuero, mjukuu wa Dario, na yanasema kwamba bakuli hilo lilitengenezwa katika nyumba yake.

Artashasta huyo ni nani? Ndiye mfalme aliyetawala Uajemi mwaka 465 hadi 424 KK, na ndiye aliyehudumiwa na Nehemia. Maandiko yanatuambia kwamba Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na kwamba katika mwaka wa ishirini wa Artashasta, yaani mwaka 445 KK, alimpelekea divai akiwa na uso wa huzuni kwa sababu ya kuta za Yerusalemu zilizobomoka. Mfalme alipomuuliza sababu, Nehemia anakiri kwamba aliogopa sana. Hatuwezi kusema kwamba alishika bakuli hilihili lililoko London. Lakini alishika vyombo vya namna hii, vyenye jina la bwana wake ukingoni, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Uajemi chombo cha fedha kilikuwa zaidi ya chombo cha kunywea. Mfalme aliwapa watumishi wake waaminifu vikombe na bangili kama zawadi, na kila aliyekipokea alikiweka mahali pa kuonekana. Ctesias, Mgiriki aliyekuwa tabibu katika nyumba ya mfalme wa Uajemi, aliandika kwamba mtu aliyevunjiwa heshima na mfalme alinywea vikombe vya udongo. Yaani ukiingia nyumbani kwa mtu ukaona anachonywea, ulijua mara moja anasimama wapi mbele ya mfalme. Wakristo wanaokumbuka barua ya pili ya Mtume Paulo kwa Wakorinto, sura ya nne, wataona jambo hapo. Paulo anasema hazina yetu tunayo katika vyombo vya udongo. Aliyeyaandika hayo alizaliwa Tarso, katika nchi ambayo Waajemi waliwahi kuitawala. Alichagua chombo cha waliodharauliwa, akasema ndani ya hicho Mungu ameweka utukufu wake.

Kitabu cha Esta kinatupeleka ndani ya karamu yenyewe. Ahasuero, baba yake Artashasta, aliyetawala majimbo 127 toka India mpaka Kushi, alionyesha utajiri wake kwa siku 180, kisha akafanya karamu ya siku saba. Vinywaji vikatolewa katika vyombo vya dhahabu, na hakuna chombo kilichofanana na kingine. Siku ya saba, moyo wake ukiwa umefurahishwa na divai, akaagiza aletwe malkia Vashti akiwa na taji, ili watu wote wauone uzuri wake. Soma polepole utaona kilichotokea. Mfalme alikuwa amemaliza kuonyesha vikombe, na sasa alitaka kumwonyesha mkewe kama kikombe kimojawapo. Vashti akakataa. Mtu aliyezoea kuonyesha vitu, mwisho huwaona watu kuwa vitu.

Waliokuja mwisho wa ngazi

Mji wa sherehe wa wafalme hao ulikuwa Persepolis, kusini mwa Irani ya leo. Dario ndiye aliyeanza kuujenga. Ngazi za kupandia kwenye ukumbi mkuu bado zipo, na kwenye kuta zake zimechongwa safu za watu wa mataifa 23 wakimletea mfalme zawadi. Huyu ameleta ng'ombe, yule kondoo, mwingine farasi, mwingine vitambaa. Wengi wameshika vikombe na mabakuli, vingine vikiwa na mishikio ya umbo la wanyama wenye mabawa. Kila kundi linaongozwa kwa mkono na mtumishi wa mfalme, kama wageni wa heshima. Hakuna anayepigwa wala kufungwa minyororo. Wachongaji walitaka tuamini kwamba dunia nzima ilipanda ngazi zile kwa hiari yake.

Kundi la mwisho kabisa, kwenye kona ya chini, ni la Waafrika watatu wenye nywele za kipilipili. Ni watu wa Kushi, nchi iliyokuwa kusini mwa Misri. Wamebeba chombo chenye kifuniko na pembe ya ndovu, tena wanamwongoza mnyama ambaye wataalamu wengine wanasema ni twiga na wengine wanasema ni okapi. Dario mwenyewe, katika maandishi yake ya ujenzi wa jumba la Shushani, alitaja Kushi miongoni mwa nchi zilizotoa pembe za ndovu za kupambia jumba lile.

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeishi karne hiyohiyo, aliandika walicholeta Wakushi: dhahabu isiyosafishwa, magogo 200 ya mpingo, pembe kubwa 20 za ndovu, na wavulana watano.

Wavulana watano hawakuchongwa ukutani. Tumetazama sanamu zile kwa miaka karibu 2,500, tunaona pembe, tunaona twiga, tunaona chombo chenye kifuniko, na watoto hatuwaoni. Huo ndio ubaya wa fahari ya kifalme ya namna ile: inaonyesha kile kilicholetwa na kuficha kile kilichochukuliwa. Mwaka 330 KK Iskanda wa Makedonia aliuteka mji ule, na baada ya jeshi lake kubeba hazina, ukateketezwa kwa moto. Waandishi wa kale wanasema talanta 120,000 zilichukuliwa. Hakuna aliyeandika walikokwenda wale wavulana.

Mfalme anayewinda

Karne nyingi baadaye Uajemi ilipata wafalme wengine, wa ukoo wa Sasani, waliotawala mwaka 224 hadi 651 BK. Hao ndio waliotengeneza sahani za fedha zinazosifiwa zaidi duniani. Nyingi ziliuzwa mbali kaskazini na kufukuliwa katika misitu ya Urusi, na leo zimehifadhiwa hasa katika makumbusho ya Hermitage, mjini Saint Petersburg. Kati ya sahani, mfalme yupo juu ya farasi anayekimbia, upinde umevutwa, na mnyama yuko mbele yake: simba, kondoo mwitu au nguruwe mwitu. Mara nyingi mnyama huonekana mara mbili, mmoja akiwa hai anaruka, mwingine akiwa amelala chini amekufa. Mfalme hakosei shabaha. Uso wake umetulia kana kwamba kuua hakumtoi jasho.

Sehemu zilizoinuka ziliundwa kando kwa vipande vya fedha, kisha zikapachikwa kwenye sahani. Halafu fundi alichanganya dhahabu na zebaki, akaipaka, akaichoma moto hadi zebaki ikapaa kwa mvuke na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kanda yetu ya ziwa wanaijua zebaki, na wanajua mvuke wake unavyodhuru kifua na akili. Katika kila sahani inayong'aa kuna mafundi walioivuta hewa ile, na majina yao hayamo.

Jina la mfalme linajulikana kwa taji. Kila mfalme wa Sasani alikuwa na taji la umbo lake, na wataalamu wakilinganisha sahani na sarafu humtambua. Mmojawapo anayetambuliwa katika sahani hizo, akiwinda, ni Shapur wa Pili, aliyetawala mwaka 309 hadi 379.

Mfalme huyo tunamkumbuka Wakristo kwa sababu nyingine. Alikuwa vitani na Waroma, ambao wafalme wao walikuwa wameanza kuwa Wakristo, naye akawashuku Wakristo wa nchi yake kuwa wafuasi wa adui. Akadai walipe kodi maradufu, na akamtaka Askofu Simeoni wa Seleukia na Ktesifoni aikusanye. Simeoni aliitwa Bar Sabbae, maana yake mwana wa wapaka rangi nguo. Alikataa. Alisema watu wake ni maskini, na kwamba yeye ni mchungaji wao, si mtoza kodi. Akakamatwa, akatakiwa aliabudu jua, akakataa tena. Katika miaka ya 340 aliuawa pamoja na Wakristo wengine wengi, na mapokeo yanasema ilikuwa Ijumaa Kuu.

Kwa hiyo tunazo picha mbili za mfalme mmoja. Katika fedha yumo mwindaji mtulivu anayeshinda simba. Katika kumbukumbu za Kanisa yumo mtawala aliyewageuka raia wake. Picha ya kwanza iligharimu fedha na dhahabu. Ya pili iliandikwa na watu waliowazika ndugu zao. Ya kwanza inang'aa hata leo, lakini ya pili ndiyo inayotwambia ukweli.

Kiti cha ntemi

Msomaji wa Usukuma hapaswi kuyasikiliza haya kama habari za mbali. Sisi pia tulikuwa na wafalme, na wafalme wetu walikuwa na vyombo vyao. Usukuma iligawanyika katika nchi ndogo zaidi ya hamsini, kila moja na ntemi wake. Ntemi hakujulikana kwa fedha. Alijulikana kwa kiti chake, kwa ngoma za butemi, kwa ngozi za simba na chui, na kwa duara jeupe la gamba la konokono wa baharini alilovaa. Gamba hilo lilitoka Bahari ya Hindi. Lilibebwa kutoka pwani kwa miguu ya wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe. Lilipokuja gamba, pembe za ndovu zilikwenda. Zilipitia Tabora hadi Bagamoyo na Unguja, na katika karne ya 19 njia hizohizo zilipitisha pia watu waliofungwa. Ule mlolongo wa Persepolis haukuwa umekwisha. Ulikuwa umebadilisha ngazi tu.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo ni lazima tuitaje, maana haki ya wazee wetu ni yao. Mfalme wa Uajemi alijichora kuwa hakosei. Ntemi hakuruhusiwa kujiona hivyo. Walikuwapo banang'oma, wazee wa ngoma, waliomchagua na kumshauri. Mvua ikikatika, nchi ikafa njaa, ntemi angeweza kuondolewa, kwa kuwa afya yake na afya ya nchi vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Jina lenyewe, wazee wanasema, linatokana na kutema: aliyetema msitu watu wapate kulima, au anayetema maneno, yaani anayekata mashauri. Kiti kilikuwa chake maadamu nchi inakula. Hatusemi watemi wote walikuwa wema. Wako waliodhulumu, na wako waliotumiwa na Wajerumani na Waingereza kukusanya kodi kwa viboko. Lakini mfano wa mtawala anayewajibika kwa shida ya watu ulikuwapo hapa kabla ya mmisionari wa kwanza kufika Bukumbi mwaka 1883.

Jirani zetu wa Malya wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1940 hapo ndipo palipowekwa makao ya shirikisho la watemi wa Usukuma. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, hii inayopita hapa kwetu Malampaka, ndiyo iliyowaunganisha watu wengi wa nchi zile. Kisha Tanganyika ikapata uhuru, na mwaka 1963 sheria ikaondoa utawala wa machifu. Ngoma zikanyamaza. Viti vikabaki majumbani, vingine vikaliwa na mchwa. Ndipo likaja swali kwa Wakristo: vitu hivi tuvifanye nini? Wako waliosema vichomwe, kwa sababu vilitumika pamoja na matambiko. Wako walioviuza kwa wageni.

Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alichagua njia nyingine. Katika miaka ya 1950, huko Bujora, karibu na Mwanza, alishirikiana na wazee na mafundi wa Kisukuma kujenga kanisa la duara lenye sura ya nyumba ya asili. Altare ikaundwa kwa umbo la kiti cha ntemi, na tabernakulo kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Kando yake yakaanzishwa makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1968, yenye jengo la watemi ambalo nalo lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimetunzwa ngoma za butemi.

Wako waliomlaumu, na lawama yao isipuuzwe. Walihofia kwamba Mkristo mchanga akiona kiti cha ntemi altareni atadhani imani ya mababu imerudi kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ni ya kweli hadi leo, katika nchi ambayo watu bado wanaagulia na ramli, na akina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ishara si mchezo. Lakini tuangalie Koreshi alifanya nini, na Belshaza alifanya nini. Vyombo vilikuwa vilevile. Belshaza, kama tunavyosoma katika sura ya tano ya Danieli, alivinywea divai pamoja na wakuu wake na masuria wake, akiisifu miungu ya dhahabu na fedha, na usiku uleule akauawa. Koreshi alivihesabu akavirudisha nyumbani mwa Bwana. Kikombe hakikuwa na dhambi. Dhambi ilikuwa katika swali hili: kinamtumikia nani?

Altare ya Bujora inatoa jibu kwa swali hilo. Juu ya kiti kile haketi mtu anayengoja kupelekewa pembe za ndovu. Panawekwa mkate. Huyu Ntemi hachukui watoto watano kutoka kila nchi. Anautoa mwili wake mwenyewe. Papa Pius XI alipoanzisha sherehe ya Kristo Mfalme mwaka 1925, falme kubwa za Ulaya zilikuwa zimeanguka katika miaka michache tu, za Urusi, Ujerumani na Austria. Aliwakumbusha Wakristo kwamba yupo Mfalme ambaye butemi wake hauanguki. Lakini ukitaka kuiona sahani yake ya kifalme, picha yake akiwa juu ya mnyama, utamkuta juu ya mwanapunda wa kuazima, hana upinde, naye ndiye anayekwenda kuuawa.

Askofu aliyeyeyusha kalisi

Imebaki habari moja, na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Imeandikwa na Socrates, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya tano.

Mwaka 421 na 422 Waroma na Waajemi walipigana tena. Askari wa Kiroma waliwakamata Waajemi wapatao 7,000 na hawakutaka kuwaachia, huku mateka hao wakifa kwa njaa. Karibu na hapo, katika mji wa Amida, ambao leo ni Diyarbakır nchini Uturuki, alikuwapo askofu aliyeitwa Acacius. Aliwaita mapadre wake. Akawaambia kwamba Mungu wetu hahitaji sahani wala vikombe, kwa maana hali wala hanywi. Kanisa lina vyombo vingi vya dhahabu na fedha kutokana na ukarimu wa waamini. Basi ni haki kuvitumia kuwakomboa mateka na kuwalisha.

Vyombo vikayeyushwa. Askari wakalipwa fidia, mateka wakalishwa, wakapewa masurufu ya njiani, wakarudishwa kwa mfalme wao. Kumbuka hao walikuwa ni nani. Walikuwa watu wa taifa lililomuua Askofu Simeoni, raia wa wafalme wanaowinda katika sahani za fedha. Hawakuwa Wakristo, na askofu hakuwawekea sharti la kubatizwa. Socrates anasema mfalme wa Uajemi alistaajabu, akatamani kumwona askofu huyo uso kwa uso.

Nadhani alistaajabu kwa sababu katika nyumba yake alizoea kuona watu wakigeuzwa kuwa fedha: kodi, watumwa, wavulana watano, pembe ishirini. Hapo kwa mara ya kwanza alimwona mtu aliyegeuza fedha kuwa watu.

Kuna atakayesema: basi tuuze kalisi zote, tuadhimishe Misa kwa kikombe cha plastiki. Sivyo. Acacius asingekuwa na cha kuyeyusha kama waamini wa Amida wasingetoa kwa moyo vitu vizuri kwa ajili ya Bwana. Na Ezra, aliporudi Yerusalemu na vyombo vingine, alivipima kwa mizani kabla ya safari, na siku ya nne baada ya kufika vikapimwa tena kimoja kimoja, kama inavyosomwa katika sura ya nane ya kitabu chake. Uzuri unamfaa Mungu, na uaminifu katika vitu vya Kanisa ni sehemu ya ibada. Tunachokatazwa ni kukipenda kikombe kuliko mtu anayekufa kwa njaa nje ya mlango.

Tunapohesabu vyetu

Sasa turudi kwa visu 29. Naamini mwandishi wa Ezra alivihesabu kwa sababu kila kimoja kilikuwa kimeibwa, na kila kimoja kilirudi. Waliokuwa utumwani waliitazama ile orodha wakaelewa kwamba Mungu hakusahau hata kisu. Na kama hakusahau kisu, hakuwasahau wao.

Ndiyo sababu tunasema hata wavulana wale watano wa Kushi, ambao Dario na mwanawe hawakuona haja ya kuwachonga, wamo katika hesabu iliyo kamili kuliko ya Mithredathi. Wamo pia wapagazi walioanguka njiani wakibeba pembe kwenda pwani, na wamo mabibi waliouawa kwa kusingiziwa. Hakuna mfalme wa duniani aliyeweka majina yao ukingoni mwa bakuli. Yesu alisema hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa.

Tunapochangia vyombo vya kanisa, tutoe vizuri, tuvihesabu kwa uaminifu, na mtunza hazina asome hesabu mbele ya wote kama alivyofanya Mithredathi. Wenye ngoma, viti na magamba ya wazee nyumbani, wasiyauze kwa bei ya soda wala wasiyatolee kafara. Wawaeleze watoto yalikuwa nini, yalimtumikia nani, na Ntemi wa kweli ni yupi. Kisha, kila mwisho wa mwaka wa Kanisa tunapoimba sifa za Kristo Mfalme, tuangalie nani hayupo kwenye benchi: mgonjwa, mjane aliyefukuzwa, kijana aliyefungwa kwa kukosa wa kumdhamini. Msakristia akigundua kalisi moja imepungua hatulali. Je, akipungua mtu mmoja, tunalala?

Mungu atujalie mikono ya Nehemia, iliyoshika kikombe cha mfalme huku moyo ukililia kuta za watu wake. Amina.